Kabla Hujauliza Mbps Ngapi

Ukitaka intaneti ya nyumbani Isiolo, swali la kwanza la ajenti huwa halihusu kasi. Atakuuliza: unaishi wapi? Ukisema uko mjini karibu na barabara kuu, mazungumzo yanaendelea vizuri. Ukitaja Kambi ya Juu, Kiwanjani au Bulla Pesa, atataka kujua upande gani, karibu na msikiti upi, umbali gani kutoka nguzo ya mwisho. Ukisema uko nje kidogo, kuelekea Ngare Mara, atakohoa, aandike namba yako, akuambie atakupigia.

Wengi hukasirika hapo. Umekuja na pesa, umesoma bango, umeshachagua Mbps zako, halafu mtu anakuuliza mambo ya msikiti. Lakini swali lile lina umri mkubwa kuliko intaneti yenyewe. Isiolo imekuwa ikiulizwa "wewe ni wa upande gani" tangu enzi za mkoloni, na jibu ndilo lililoamua nani anapata barabara, nani anapata simu, nani anangoja. Kwa hivyo mtu anayekaa leo kwenye kochi hapa mjini akilinganisha kampuni tatu za intaneti anafanya kitu ambacho wazazi wake hawakupewa nafasi ya kukifanya. Anachagua. Na hawezi kuchagua vizuri bila kujua waya ulifika vipi, na kwa nini ulichelewa.

Geti

Kabla ya uhuru, eneo lote kutoka Isiolo kwenda juu liliitwa NFD, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Sheria ya 1934 ya wilaya maalum iliwapa maafisa wa kikoloni mamlaka makubwa juu ya watu wa huko: nani ahame, nani akae wapi, mifugo ya nani ilishe upande gani. Kuingia au kutoka kulihitaji kibali. Isiolo ilikuwa ndiyo mlango.

Uhuru haukuling'oa geti hilo. Desemba 1963, siku chache tu baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini-mashariki, na baadaye kanuni zake zikaziingiza pia wilaya jirani za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Vita vya Shifta viliisha 1967. Kanuni zenyewe zikabaki hadi 1991. Piga hesabu: mtoto aliyezaliwa Isiolo mwaka wa uhuru alikuwa mtu mzima wa miaka 28, pengine na watoto wake, ndipo nchi ikaamua kwamba aishi chini ya sheria sawa na mtu wa Nakuru.

Katikati ya hayo, mwaka 1965, serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10, ule wa Ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake mna hoja moja ambayo watu wa kaskazini huikumbuka kuliko zingine zote: pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi, yaani kwenye mvua, udongo mzuri, reli, barabara na stima, halafu faida itawafikia wengine baadaye. Kwenye karatasi inasikika kama busara. Kwa vitendo, aliyekuwa na barabara aliongezewa barabara.

Ndiyo maana kwa miongo mingi lami iliishia Isiolo. Mbele yake kulikuwa na takriban kilomita 500 za mawe na vumbi hadi Moyale, na abiria wengi walizimaliza wakiwa juu ya lori, wakishikilia vyuma huku ng'ombe wako chini yao. Mpaka leo utasikia mzee wa huku akisema kijana wake "ameenda Kenya", akimaanisha amepanda gari la Nairobi.

Sasa chukua ile hoja ya 1965, uiweke mbele ya meneja wa kampuni yoyote ya intaneti leo, uone kama ataipinga. Kuchimba mtaro wa faiba kuna gharama kwa kila mita. Jengo la ghorofa saba Nairobi linaweza kutoa wateja arobaini kwa waya mmoja uliopanda ukutani. Kwenye bulla yenye nyumba zilizoachana, waya wa urefu uleule unaweza kutoa wateja watatu. Meneja hana chuki na Isiolo. Anapiga hesabu tu, na hesabu hiyo imekuwa ikituacha nyuma kwa miaka sitini.

Sauti iliyopita angani

Kenya iliunganishwa na dunia kwa njia ya angani kabla ya waya. Kituo cha satelaiti cha Longonot, kule Bonde la Ufa, kilifunguliwa 1970, na kwa miongo mitatu na zaidi simu za nje na baadaye data za nje zilitegemea sana njia hiyo. Satelaiti za aina ile hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe unapanda, unashuka, jibu linapanda, linashuka. Hata mwanga wenyewe, na hakuna kinachoushinda kwa mbio, unatumia karibu nusu sekunde kwa safari hiyo. Kumbuka nusu sekunde hiyo, itarudi.

Intaneti kamili ilifika Nairobi 1995. Miongoni mwa kampuni za mwanzo ilikuwa Africa Online, iliyoanzishwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Wateja walipiga simu kwa modemu, ile iliyolia kama paka aliyefungiwa ndani ya redio. Kufikia mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini modemu nzuri ilikuwa ya kilobiti 56 kwa sekunde, na hapo ni kama laini iko safi. Wimbo mmoja wa megabaiti 3 ulichukua dakika saba. Na kupiga simu kwa modemu kulihitaji uwe na laini ya simu ya waya, kitu ambacho familia nyingi za Isiolo hazikuwahi kukiona ndani ya nyumba zao.

Lakini hata huyo aliyekuwa na laini Nairobi hakuwa na chaguo kamili. Shirika la Posta na Simu, KPTC, ndilo lililokuwa na njia ya kutokea nje ya nchi. Mwaka 1998 likazindua Jambonet, lango la intaneti la taifa, na kampuni zote zikatakiwa kupitia hapo. Mwaka 1999 shirika likagawanywa. Upande wa simu ukawa Telkom Kenya, ukabaki na ukiritimba wake hadi 2004. Ungeweza kuchagua kampuni, ndiyo. Nyuma ya kampuni zote palikuwa na mlango mmoja, na mwenye mlango ndiye aliyepanga bei.

Kuna kisa kimoja cha miaka hiyo ambacho kila mtu anayelipa bili ya intaneti anapaswa kukijua. Wakati huo, ukituma barua pepe kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda kampuni nyingine ya Nairobi, pengine ofisi ziko barabara moja, barua ilipanda angani, ikafika Ulaya au Marekani, ikarudi. Novemba 2000 kampuni hizo zikaunda kituo cha kubadilishana data humuhumu nchini, KIXP. Telkom ikalalamika kwamba ukiritimba wake umevunjwa. Tume ya Mawasiliano ikakubaliana nayo, na kituo kikafungwa baada ya wiki chache. Kikafunguliwa tena Februari 2002 baada ya mvutano mrefu. Kilipofunguliwa, safari iliyokuwa ikichukua sekunde nzima na zaidi ikashuka chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Mashine zilikuwepo, waya ulikuwepo, wahandisi walikuwepo. Kilichokuwa kikisubiriwa kilikuwa ruhusa.

Tulivyofunzwa na bando

Simu ya mkononi ndiyo iliyovunja geti la Isiolo kwanza. Kampuni mbili zilipoanza kushindana mwaka 2000, mnara mmoja uliweza kuhudumia mji bila kuchimba mtaro hadi mlangoni kwa mtu. Kaskazini ikairuka simu ya waya kama mtu anayeruka darasa.

Halafu mambo makubwa yakafuatana. Mwaka 2007 serikali ikaanza kulaza uti wa mgongo wa faiba wa taifa, NOFBI. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zikatua Mombasa, na EASSy ikafuata 2010. TEAMS ilitoka Fujairah, Falme za Kiarabu, ikisukumwa na serikali ya Kenya yenyewe iliyokuwa imechoka kungoja mradi wa EASSy ulioburuta miguu. Awamu ya pili ya NOFBI ikalenga makao makuu ya kaunti zote, maana katiba ya 2010 ilikuwa imezaa kaunti 47 na kila moja ilihitaji kuzungumza na Nairobi. Wakati huohuo lami ikaanza kusogea mbele ya Isiolo, hadi kufikia 2017 ikawa imefika Moyale. Mlango ukageuka njia panda.

Mwananchi wa kawaida hakuiona faiba hiyo. Ilipita chini ya miguu yake ikielekea kwenye mnara na ofisi za serikali. Alichokiona ni bando.

Na bando lilitufunza kufikiri kwa namna fulani. Bando ni kipimo cha wingi: megabaiti 100, gigabaiti 1, ya saa moja, ya hadi usiku wa manane. Kasi huiulizwi, unapewa mnara unachoweza. Kwa hivyo kizazi chetu kilijua kubana: zima video zisijipakue, pakua usiku, omba hotspoti, futa programu. Tukawa wahasibu wa megabaiti.

Intaneti ya nyumbani inauza kitu tofauti. Inauza kasi, upana wa bomba, na maji unakunywa upendavyo ndani ya masharti ya kampuni. Mtu wa bando akiingia humo huona namba kubwa akadhani ni wingi: 80 ni zaidi ya 30, kwa hivyo 80 itakaa zaidi. Na kampuni haina haraka ya kumsahihisha.

Tena Mbps ni megabiti, si megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kasi ya Mbps 15 inashusha karibu megabaiti 2 kwa sekunde, basi. Filamu ya gigabaiti 1 itachukua kama dakika tisa. Kwa aliyeijua modemu ya kilobiti 56, hiyo ni miujiza. Kwa aliyeahidiwa "kasi ya ajabu" na bango la barabarani, ni dakika tisa.

Hata neno brodibendi lenyewe halijasimama mahali pamoja. Marekani, mamlaka ya mawasiliano ilisema mwaka 2015 kwamba ni Mbps 25 kushusha na 3 kupandisha. Machi 2024 ikasema ni 100 na 20. Kwa hivyo mtu akikuambia "hiyo si brodibendi ya kweli", muulize ya mwaka gani, na ya nchi gani.

Dishi lilipofika

Mwaka 2013, kama kilomita 80 kusini mwa Isiolo, mradi ulioitwa Mawingu ulianza Nanyuki kwa kutumia masafa ya televisheni yaliyokuwa wazi, Microsoft ikiwa mshirika. Wazo lilikuwa rahisi: huku nje, ambako vituo vya televisheni ni vichache, hewa ina nafasi. Baadaye Mawingu ikawa kampuni kamili ya intaneti ya mawimbi, ikihudumia miji midogo ambayo faiba ilikuwa ikiipita. Ilikuwa mara ya kwanza kuona upungufu wetu ukihesabiwa kama mtaji.

Kisha Julai 2023 Starlink ikaingia Kenya. Mwanzoni vifaa viligharimu karibu shilingi 90,000, na ada ya mwezi 6,500. Watu walicheka: nani Isiolo atalipa bei ya ng'ombe mzima kwa dishi? Bei ikashuka hadi karibu nusu. Agosti 2024 ikawezekana kukodi vifaa kwa 1,950 kwa mwezi. Satelaiti zake hazikai kilomita 36,000 juu. Ziko takriban 550. Ile nusu sekunde ya Longonot ikatoweka.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike makala hii. Mwaka huohuo wa 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano, ikitaka kampuni za satelaiti zifanye kazi kupitia kampuni zenye leseni hapa nchini badala ya kuuza zenyewe moja kwa moja. Ilitaja mambo ya masafa kuingiliana na usalama wa taifa. Sisemi hoja hizo hazina uzito. Nasema tu kwamba miaka 24 baada ya KIXP, mwenye waya alienda tena kwa mdhibiti.

Safari hii mlango haukufungwa. Na Septemba 2024 Safaricom ikabadilisha orodha yake ya faiba ya nyumbani. Aliyekuwa akilipa 2,999 kwa Mbps 10 akapewa 15. Wa 6,299 akatoka 40 hadi 80. Wa 12,499 akatoka 100 hadi 500. Bei ni ileile. Waya uliokuwa ukutani mwake Jumatatu ndio uliokuwa ukutani Jumanne.

Soma sentensi hiyo mara ya pili. Faiba ya kawaida ya nyumbani hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kwenye uzi mmoja, kisha uzi huo unagawanywa kwa nyumba 32 au 64. Nafasi ya kuongeza ilikuwepo. Mbps tulizokuwa tukinunua kwa miaka yote hiyo zilikuwa kipimo cha vitu viwili vilivyochanganywa: uwezo wa waya, na uchache wa mahali pengine pa kwenda. Kwa sehemu kubwa ya historia ya Isiolo, hicho cha pili ndicho kilichokuwa ghali.

Halafu Novemba 2024 Starlink nayo ikafunga usajili mpya Nairobi na kaunti za jirani. Wateja walikuwa wamejaa. Satelaiti hugawa nafasi yake kwa eneo: watu walio chini ya eneo moja hula sahani moja. Nairobi sahani iliisha, na waliochelewa wakangoja kwa miezi.

Hebu fikiria maana yake kwetu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika Kaunti ya Isiolo yote, kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Huo uchache ndio uliofanya karatasi ya 1965 itupite. Huo uchache ndio unaomfanya ajenti wa faiba akohoe. Na huohuo uchache ndio unaomfanya mtu mwenye dishi pale Kulamawe asigombanie sahani na nusu ya mtaa. Kwa teknolojia moja sisi ni hasara, kwa nyingine sisi ni nafasi. Ardhi haijabadilika hata kidogo.

Sasa chagua

Niliacha chuo, na tangu hapo kila shilingi ninayopata hupitia kwenye rauta. Kwa hivyo haya si mambo ya nadharia kwangu. Nikiulizwa na jirani achukue nini, nampeleka kwa mpangilio huu.

Anza na njia, kasi ije baadaye. Uliza waya wa kampuni hii unaingia mtaani kutoka wapi. Kampuni mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa zimepanga kwenye mtaro mmoja, au moja inanunua kwa nyingine na kuuza kwa mawimbi. Tingatinga la mkandarasi likikata hapo, zote mbili zinalala. Ukitaka njia ya akiba, iwe njia tofauti kweli: faiba na simu ya mtandao mwingine, au mawimbi na satelaiti. Na hata hapo, kuna mambo yaliyo mbali na uwezo wako. Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilipopata hitilafu baharini, intaneti ilidorora Afrika Mashariki nzima, mwenye Mbps 15 na mwenye 500 wakaangalia duara lilelile likizunguka.

Pili, hesabu nyumba yako kwa saa yake mbaya. Video safi ya kawaida inataka kama Mbps 5. Mkutano wa video, 3 au 4. Simu zinazovinjari zinataka kidogo sana. Nyumba ya watu watano saa mbili usiku, wawili wanatazama filamu, mmoja yuko kwenye mkutano na mteja wa Canada, wengine wako kwenye simu: hapo unazungumzia Mbps 20 hivi. Mbps 30 zinawatosha na chenji inabaki. Kuchukua 500 kwa nyumba hiyo ni kukodi lori la tani kumi kubeba kilo mbili za sukari. Lori litafika, ndiyo, lakini sukari itakuwa tamu vilevile.

Tatu, uliza kasi ya kupandisha. Bango huonyesha ya kushusha tu. Kama kazi yako ni kutuma video, kurekodi podikasti au kuhifadhi picha za harusi, ya kupandisha ndiyo mshahara wako. Faiba mara nyingi iko vizuri hapo. Satelaiti na mawimbi hupandisha pole kuliko zinavyoshusha.

Nne, linganisha na unachotumia tayari. Watu wawili wanaonunua bando la shilingi 50 kila mmoja kila siku wanatumia 3,000 kwa mwezi bila kujua. Hiyo tayari ni bei ya faiba ya chini. Lakini kama wewe uko peke yako, uko nje tangu asubuhi, na nyumbani unalala tu, bando lako halina kosa lolote. Hakuna tuzo ya kuwa na rauta.

Tano, stima. Faiba iko hai nje, lakini rauta yako inakula stima ndani. Usiku ule wa Agosti 2023 nchi nzima ilipozimika, tulijifunza hilo bila mwalimu. Rauta ya faiba hula wati chache, kiasi kwamba betri ndogo inaweza kuishikilia kwa saa kadhaa. Dishi la kawaida la Starlink hula wati 75 hadi 100. Kwa mtu anayetumia sola, tofauti hiyo inaweza kuwa gharama ya betri nyingine. Muuzaji hatakuambia, maana si yeye anayeuza betri.

Mwisho, nenda kwa jirani mwenye huduma hiyohiyo, saa mbili usiku, umsalimie, unywe chai, uombe kupima kasi kwenye simu yako. Bango ni kilele cha mlima. Chai ya jirani ni mahali watu wanapoishi. Ukiwa hapo uulize swali moja zaidi: ikikatika, fundi anatoka wapi? Fundi akitoka mjini, ni saa chache. Akitoka Meru au Nanyuki, jiandae.

Utaona kasi imekuja ya pili, na bado nimeigusa kidogo tu. Mbps ni rahisi kubadilisha, kampuni yenyewe ilituonyesha inaweza kufanya hivyo usiku mmoja. Njia, stima na fundi havibadiliki kwa bango jipya.

Kilomita ya kwanza

Kuna barabara nyingine inajengwa kutoka Isiolo, na hii ndiyo ninayoitazama. Inatoka mjini kupitia Kulamawe, Modogashe, Wajir na El Wak hadi Mandera, takriban kilomita 740. Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi huo 2020, na ndani ya mpango wake kuna faiba inayolazwa sambamba na lami. Hapa barabara na waya vimepangwa kwenye karatasi moja, badala ya waya kuja miaka ishirini baada ya lami, na lami miaka hamsini baada ya uhuru.

Faiba kando ya barabara haimaanishi intaneti ndani ya nyumba. Tumeshaona ikipita chini ya miguu yetu. Itategemea kama kampuni ndogo ya Modogashe itaruhusiwa kununua nafasi kwenye waya huo kwa bei ileile ya kampuni kubwa ya Nairobi, au kama tutarudi kwenye mlango mmoja wa Jambonet wenye rangi mpya. Swali hilo halitajibiwa na mhandisi. Litajibiwa kwenye vikao vya kaunti, kwenye leseni, kwenye zile notisi za maoni ya umma ambazo huwa tunazipita kwenye simu tukitafuta video.

Kwa hivyo ukishamaliza kulinganisha Mbps zako, na ukishakunywa chai ya jirani, siku moja soma notisi kama hiyo. Mji huu uliwahi kuwa mahali watu walikosimamishwa na kuulizwa kibali. Sasa waya wa kaskazini unaanzia hapa. Atakayeamua nani aunganishwe nao, na kwa bei gani, anapaswa kutusikia kabla hajaamua, na kuna mtu El Wak anayengoja kuona kama tutasema kitu.